Uvira: Kasiksi haikai siku tano. Je, hubloni inaweza kuisaidia?

Toka Kavimvira mpaka Kalundu, mama anayepika kasiksi anajua saa ya pombe yake. Siku ya kwanza ni tamu bado. Siku ya pili ndiyo ya wateja. Kisha inaanza kukaza, na ikipita siku tatu ao ine, kinachobaki kwenye bidoni ni hasara: pesa ya ndizi, pesa ya mtama, pesa ya kuni na ya kusafirisha mizigo, vyote vimegeuka siki. Hapo karibu, kwenye depo, chupa za Primus zinakaa miezi bila kuharibika, iwe ya Bralima ao ile inayovuka mpaka toka kiwanda cha Brarudi huko Bujumbura.

Bia ya kiwanda ina msaada wa mashine: inachujwa, na ndani ya chupa inapashwa moto ili vijidudu vife. Lakini bia ilikaa muda mrefu hata mbele ya mashine hizo kupatikana, na siri yake ni ua moja. Wasomaji wengi wamekwisha kuona jina lake kwenye karatasi ya chupa, limeandikwa kwa Kifaransa pembeni ya maji na malti: hubloni. Huko Bavaria, Ujeremani, amri ya mwaka 1516 ilisema bia itengenezwe kwa vitu vitatu tu, maji, shayiri na hubloni.

Wanaopika bia nyumbani kule Ulaya na Marekani wana zoezi wanalopenda: malti ya aina moja, hubloni ya aina moja, basi. Wanafanya hivyo ili wajue kila kitu kinaleta nini mdomoni, kwa sababu pombe ya namna hiyo haina pa kuficha kosa. Mama wa kasiksi hatashangaa. Yake ni maji ya ndizi na unga wa mtama, ambao wengine wanauita masaka. Ndizi ikivunwa mbele ya wakati wake, ao mtama ukikaangwa mpaka ukaungua, mteja anajua kwa kikombe cha kwanza.

Kuipanda hapa ni kujisumbua. Hubloni ni mmea unaopanda juu ya kamba mpaka metre 5 na zaidi, na unataka vitu viwili ambavyo Uvira haina: baridi kali ya kuulaza kwa majuma kadhaa, na siku ndefu za mwangaza, karibu saa 15, wakati wa kukua. Uvira iko karibu na ikweta. Kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka tofauti haifiki nusu saa. Hata Afrika Kusini, kwenye mashamba ya eneo la George, wakulima walilazimika kuwasha taa usiku ili kuudanganya mmea, mpaka zilipopatikana mbegu zinazovumilia siku fupi. Kwa hiyo hubloni itakayotumiwa Uvira itatoka mbali, imekaushwa na kusagwa kuwa vidonge vidogo vya kijani.

Ndani ya ua hilo kuna asidi za alfa. Ndizo zinaleta uchungu, na ndizo zinazuia bakteria za aina ileile inayogandisha maziwa, ambazo zinachangia sana kukaza kasiksi. Chachu, ile wanaita levire, haiziogopi. Inaendelea na kazi yake. Lakini asidi hizo hazifanyi kazi vizuri zisipochemshwa muda mrefu, karibu saa moja. Na kasiksi haichemshwi! Ndizi zinaivishwa kwenye shimo, zinamenywa, zinakandwa na majani, maji yake yanachujwa, yanaongezwa maji ya kawaida na unga wa mtama, kisha yanaachwa. Mtu akitupa vidonge vya hubloni ndani ya bidoni hiyo, atapata harufu na pesa iliyopotea.

Njia iliyopo ni kuchemsha hubloni kwenye yale maji ya kuongeza. Sufuria inakaa motoni saa moja, maji yanapoa yakiwa yamefunikwa, yanachujwa, ndipo yanachanganywa na maji ya ndizi.

Hapa kuna faida inayopita hata ile ya uchungu. Uvira ni mji ambao kipindupindu hakiondoki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka kwenye kituo cha matibabu siku zinazofuata, kwa sababu watu wanarudi kuchota ziwani na mitoni. Maji hayo yanaweza kuingia kwenye pombe pia. Kuchacha kunapunguza vijidudu vingine, lakini hakuna anayepaswa kukutegemea kusafisha maji. Yaliyochemka saa moja kwa ajili ya hubloni hayana deni hilo. Hata mama asiyekuwa na hubloni angefanya vizuri kuchemsha.

Inabaki kuchagua, na aina za hubloni zinapita mia. Tatu zinatosha kuonyesha shida yenyewe. Saaz, ya Ucheki, ina asidi za alfa kama asilimia 3 ao 4 na harufu ya majani, ya upole. Cascade, iliyotoka Marekani mwaka 1972, iko kati ya 5 na 7 na inanukia kama pamplemusi. Magnum, ya Ujeremani, inafika 12 mpaka 14 lakini harufu yake ni ndogo. Kwa bidoni ya litre 20, kupata uchungu unaokaribia wa bia ya kiwanda, zinatosha gramu 10 hivi za Magnum, ao 20 za Cascade, ao karibu 35 za Saaz.

Kwa kikombe, Cascade ingeshinda. Harufu ya matunda inapatana na ndizi, wakati ile ya Saaz ingefunikwa kabisa. Ila hubloni inataka baridi na pakiti isiyoingia hewa, na Uvira umeme unakatika, frigo inageuka kabati. Cascade iliyokaa miezi 6 kwenye joto la nyuzi 20 inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake, na pwani ya Tanganyika ina joto kuliko hapo. Magnum kwa muda uleule inapoteza karibu moja ya tano. Na pakiti moja ya gramu 100 inatosha bidoni 10. Kwa mtu asiye na frigo, jibu ni Magnum, hata kama haina harufu. Ndizi tayari inanukia.

Maji nayo yanasema neno lake. Ya Tanganyika yana alkali, pH yake inakaribia 9, na maji ya namna hiyo yanavuta uchungu mkali unaokwaruza ulimi. Ya mvua ao ya chemchemi ya mlimani yanafaa zaidi. Anayetumia ya ziwa apunguze gramu.

Hubloni haiwezi yote. Siki yenyewe inaletwa na bakteria zingine zisizoogopa uchungu, lakini zinahitaji hewa. Kwa hiyo bidoni ijazwe karibu na mdomo, ifunikwe, na mrija mdogo utoe gesi kwenye kikombe cha maji. Kuifunga kabisa ni hatari, itapasuka.

Kuna pia wanaouliza juu ya majani machungu ya hapa, yale ya mubirizi, ao mululuza, ambayo watu wanachemsha kama dawa. Swali si la bure. Nigeria ilipokataza malti ya shayiri kutoka nje mwaka 1988, viwanda vilihamia mtama na mahindi, na watafiti wa kule wamejaribu majani hayohayo mahali pa hubloni. Uchungu upo. Harufu ya hubloni haipo, na hakuna pakiti inayoandika nguvu yake. Jani la mti huu na la mti ule hayalingani.

Kuhusu bia ya kiwanda, mwaka 2025 ulionyesha kwamba haiko karibu sikuzote. Mwezi wa 6 mwaka huo, Heineken, iliyokuwa mwenye Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa vituo vyake vya Bukavu na Goma na kuondoa wafanyakazi waliobaki. Kasiksi haikusimama.

Anayetaka kujaribu asihatarishe bidoni nzima. Agawe maji ya ndizi ya siku moja kwenye vyombo viwili vya litre 5: kimoja kiongezwe maji yaliyochemka tu, kingine yaliyochemka na gramu 2 za Magnum, mtama uleule. Aandike tarehe juu ya vyote viwili, kisha aonje siku ya pili, ya ine na ya sita.