Ukienda Kenya, Pita Sirari

Kwetu Machochwe, wilayani Serengeti, ukisema unakwenda Kenya hakuna anayeshangaa. Wakurya tuko pande zote mbili za mpaka. Mama yangu mdogo aliolewa Kehancha, na watoto wake tunataniana nao kwa Kikurya kile kile. Mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, haukuwauliza mababu zetu. Ndiyo maana wengi tunauvuka kama mtu anayekwenda shambani.

Nikiwa mwaka wa pili, mama mdogo alifariki. Nikapita njia ya panya, mfukoni nina kitambulisho cha chuo tu. Mbele ya safari nikasimamishwa kwenye kizuizi, nikaulizwa: muhuri wako wa kuingilia uko wapi? Sina. Mpaka ndugu walipokuja kunitetea nikaachiwa, mazishi yalikuwa yamekwisha. Simlaumu mtu, kosa lilikuwa langu. Kilichoniuma zaidi ni kuja kujua kwamba mlango halali ulikuwa wazi na hauna kiingilio.

Ndiyo, hauna kiingilio. Mtanzania haombi viza ya Kenya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama kibali cha kutembelea nchi nyingine hadi miezi sita, bila malipo. Ile idhini ya kielektroniki ambayo Kenya ilianza kuwadai wageni Januari 2024 haituhusu sisi wa Jumuiya. Lakini vitu vitatu lazima uwe navyo.

Kwanza, hati ya kusafiria. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Kwa hiyo beba pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10, au hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu zaidi na inatosha kwa nchi jirani. Zote zinatolewa na Uhamiaji. Andaa cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi, na NIDA. Bumu likiingia, anza na hilo. Usisubiri msiba kama mimi.

Pili, kadi ya homa ya manjano. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukichomwa mara moja, kadi inatambulika maisha yako yote; kanuni hiyo ilianza 2016. Unaweza kudaiwa hata wakati wa kurudi nyumbani, kwa sababu Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Wapo wanaonunua kadi bila sindano. Jamani, mbu hasomi kadi.

Tatu, muhuri. Sirari na Isebania ni kituo cha huduma za pamoja, maofisa wa nchi zote mbili unawakuta sehemu moja. Kabla hujaondoka dirishani, soma siku ulizoandikiwa. Huo muhuri ndio ushahidi pekee kwamba umeingia kihalali. Ukiibiwa, ukiugua au ukisimamishwa, ndio utakaokusemea.

Halafu tusichanganye mambo: kibali cha kutembea si cha kazi. Ukipata kibarua Migori au Nairobi wakati wa likizo, unahitaji kibali cha kazi. Ukienda kusoma, omba kibali cha mwanafunzi. Kwa raia wa Jumuiya nacho hakilipiwi.

Mwaka uliofuata nilirudi Kehancha kwa kupitia Sirari. Dirishani sikukaa hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nikafika, nikasimama kwenye kaburi la mama mdogo, nikakaa na wanawe mpaka jioni. Safari hiyo sikuwa na haja ya kumkwepa askari yeyote.