UBAO WA SYKES NA ABIRIA WA KAMANGA

Jioni moja tulikuwa Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, tukingoja kivuko cha kurudi mjini. Katika banda la chai palikuwa na televisheni, na televisheni ile ilikuwa ikionyesha sinema ya zamani ya Kiingereza iitwayo The Plank, iliyotungwa na kuongozwa na Eric Sykes mwaka 1967. Watu walijaa hata mlangoni. Mwenye banda mwenyewe alikuwa amesahau maandazi yake katika mafuta.

Kisa chake ni chepesi. Mafundi wawili, Sykes na mwenziwe Tommy Cooper, wanajenga nyumba, na sakafu imepungukiwa na ubao mmoja. Wanakwenda kuununua, wanaurudisha juu ya motokaa, na njia nzima ubao ule unawaadhibu watu wasio na hatia. Maneno karibu hayamo. Mna miguno na muziki. Hiyo ndiyo sababu Mkerewe, Mkara, Mzinza na Msukuma waliokuwa pale walicheka kwa wakati mmoja, bila yeyote kumngoja mwenziwe amfasirie.

Mara akapita mchukuzi na mbao begani, akielekea gatini. Mtu akamwita kwa nyuma, naye akageuka. Vichwa zaidi ya kumi viliinama kwa pamoja, kama vile vilivyoinama katika sinema, na kicheko kikaanza upya. Nasi tulicheka, hatukatai. Lakini kivuko kilipotia nanga na lango lake kuanza kuteremka, umati ule ule uliokuwa ukicheka uliinuka na kukimbia: pikipiki, matenga ya dagaa, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wakitaka kuwa wa kwanza, na waliokuwa ndani nao wakisukumana kutoka. Hapo hatukucheka tena.

Wasomaji wetu wa visiwani hawana haja ya kukumbushwa tarehe za misiba yetu. Kila moja ya ajali zetu mbili kubwa ina siku yake. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, ikitoka Bugolora kwenda Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Na ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache tu kufika Bwisya, wakati ambapo, kwa taarifa zilizotolewa, abiria walikuwa wakisogea upande mmoja tayari kwa kushuka. Kupakia kupita kiasi ni kosa la wenye chombo na wenye kukisimamia, wala hatutaki kulihamishia kwa abiria. Lakini ile haraka ya kushuka ni yetu sote.

Basi tunauliza: kwa nini jambo hili lisifundishwe kwa kicheko? Mabango yapo, matangazo ya vipaza sauti yapo, na watu huyapita kama wanavyopita mwembe usio na matunda.

Wazo hili si geni nchini. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema za mafunzo lililokuwa na makao yake Vugiri, huko Usambara, na lori lake lilizunguka Afrika Mashariki likionyesha picha za afya, kilimo na kuweka akiba. Baadaye wakubwa wa sinema za kikoloni walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda kwa haraka, hivyo wakamtengenezea picha za polepole zenye mahubiri mengi. Ajabu ni kwamba Mwafrika huyo huyo alikuwa akivunjika mbavu kwa michezo ya Charlie Chaplin, ambayo haina polepole hata kidogo. Na neno letu "chale", kwa maana ya mchekeshaji, wengi hulinasibisha na jina lake. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikaja sinema za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa mtumishi wa serikali, Ndugu Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kwa hiyo afisa atakayeona kwamba kuchekesha ni kazi isiyolingana na hadhi ya ofisi yake, na aitafakari habari hiyo.

Wapo watakaotulaumu kwamba Bwisya yamo makaburi ya wahanga, na kwamba mfiwa hachekeshwi. Lawama hiyo tunaipokea kwa heshima, kwani ina uzito. Hatutaki kivuko kinachopinduka kifanywe mchezo. Tunalotaka lichekwe ni ule upuuzi wa bandarini: mtu anayemkanyaga mkwewe ili awahi kiti, anayemrushia mwenziwe tenga kichwani, anayekalia sanduku la maboya huku akiuliza maboya yako wapi. Marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, angelifanya jambo hilo kwa kupepesa macho tu. Wachekeshaji wa namna yake wangalipo, na katika Mwanza hii hii.

Tunatoa mwito kwa TASAC, TEMESA na halmashauri za Ukerewe, Sengerema na Buchosa zikae pamoja na wasanii, zitengeneze picha moja ya dakika kumi, isiyo na maneno, wala isiyo na hotuba ya kiongozi mwanzoni mwake. Ionyeshwe vyumba vya kungojea na ndani ya vivuko. Mahali pa kuanzia pawe Bugolora, asubuhi ya siku ya gulio, kabla lango la kivuko halijateremshwa.