Nani Anasema kwa Niaba ya Nani? Mfano Kutoka Michezo ya Theluji



Katika mafunzo ya usuluhishi tunapenda kutumia mfano wa mbali. Ukitaja ugomvi wa kijiji jirani, kila mtu anaanza kutafuta nani ni wa upande gani, na somo linapotea. Kwa hiyo leo tunawapeleka kwenye theluji, ile nyeupe ambayo watu wa Mutwanga huiona juu ya Ruwenzori siku mawingu yanapofunguka. Katika nchi za baridi theluji hufunika milima kwa miezi mingi, na watu huteleza juu yake kwa mchezo.

Mchezo wa zamani unaitwa ski: mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu, na fimbo mbili mikononi. Mwingine ni snowboard: ubao mmoja mpana, miguu yote miwili imefungwa juu yake, na mtu anashuka kiubavu, kwa mwendo wa kasi kuliko chukudu inayoteremka kutoka Kibumba.

Wenye ski walijipanga mapema. Mwaka 1924, mjini Chamonix, Ufaransa, wajumbe 36 kutoka nchi 14 waliunda shirikisho la kimataifa linaloitwa FIS. Ndilo linaloweka sheria, vifaa vinavyoruhusiwa, kalenda ya mashindano na hesabu ya alama. Mwenye neno la mwisho ni mkutano mkuu wa mashirika ya kitaifa. Tena sauti hazilingani: shirika moja lina kura moja, lingine mbili, lingine tatu.

Snowboard ilitoka kwingine kabisa. Mwaka 1965, katika jimbo la Michigan huko Marekani, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen alifunga ski mbili pamoja ili binti zake wachezee. Vijana wakaupenda mchezo huo. Sehemu nyingi za kutelezea ziliwakataza kuingia, na wenye ski wengi waliwaona kama wahuni. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakawa na shirikisho lao wenyewe, ISF, pamoja na mashindano yao na mabingwa wao.

Ugomvi ulikuja pale Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipotaka kuingiza snowboard katika michezo ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Desturi yake ni kutambua shirikisho moja tu kwa kila mchezo. ISF ilikuwa na wachezaji. FIS ilikuwa tayari inatambuliwa. Kamati ikachagua FIS, na kijana aliyetaka kufika Nagano ilimbidi apitie mashindano ya FIS.

Wasomaji wetu wengi wanaijua hali hii. Mgeni anafika na gari, anauliza kiongozi wa hapa ni nani, na anaongea na yule mwenye karatasi zilizo sawa. Tusiwe wepesi kumlaumu. Anayegawa kitu kikubwa anahitaji mtu atakayejibu kesho, na FIS ilikuwa na waamuzi na uzoefu wa miaka 70. Lakini kwa maoni yetu, kumtambua aliyejipanga vizuri si sawa na kuwauliza wenyewe. Kwa snowboard lilifanyika la kwanza, la pili likasahauliwa.

Terje Haakonsen wa Norway, ambaye wengi walimhesabu kuwa mchezaji bora wa wakati ule, alikataa kwenda. Michezo ikafanyika bila yeye. Wenzake wengi walikwenda, na hatuwezi kuwahukumu: Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne na ujana hausubiri. (Nagano hiyo hiyo Mkenya Philip Boit alimaliza wa mwisho katika ski ya kilomita 10. Bingwa Bjørn Dæhlie, Mnorway, alimngoja mstarini akamkumbatia.) Hivyo wana-snowboard waligawanyika, wengine ndani, wengine nje. Haakonsen alianzisha mashindano kwao Norway, yakaitwa Arctic Challenge. ISF ilikosa nguvu, na mwaka 2002 ikafungwa.

Kuhusu FIS yenyewe, neno snowboard liliingia katika jina lake mwaka 2022 tu, miaka 20 baada ya ISF kufa. Na mkutano mkuu wa mwaka huo, uliofanyika Milano, Italia, ulizaa ugomvi mwingine. Johan Eliasch aligombea urais akiwa peke yake, na wajumbe hawakupewa nafasi ya kupiga kura ya kukataa. Baadhi yao waliinuka wakatoka ukumbini. Mashirika ya Ujerumani, Austria, Uswisi na Kroatia yakapeleka malalamiko kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo mjini Lausanne, Uswisi, ambayo iliundwa kwa ajili ya mashauri ya namna hiyo.

Hawakuunda FIS ya pili. Msimu uliofuata wanamichezo wa nchi hizo nne waliteleza kama kawaida, katika kalenda ile ile, chini ya rais yule yule ambaye uchaguzi wake ulilalamikiwa na mashirika yao.