Nebula Katika Mwanga Uliochujwa

Nebula ni wingu la gesi na vumbi lililotanda kati ya nyota. Baadhi yake ni kubwa ajabu angani. Kitanzi cha Barnard, kinachozunguka sehemu kubwa ya kundi la Orioni, kina upana wa digrii 10 hivi, yaani miezi mipevu 20 iliyopangwa kwa mstari mmoja. Hata hivyo mtu aweza kuitazama Orioni maisha yake yote asikione, kwa jinsi mwanga wake ulivyo hafifu. Darubini kubwa haisaidii sana hapa, kwa kuwa huona kijipande tu cha anga. Kinachohitajika ni lenzi fupi, kamera na subira, na ndiyo maana kazi hii imeangukia mikononi mwa wapigapicha wa ridhaa. Lenzi ya milimita 135, ya aina ileile inayopigia picha za harusi, ikifungwa kwenye kihisi cha ukubwa wa kati huona eneo la digrii 10 kwa 6 na nusu kwa mara moja.

Nebula nyingi hung'aa kwa sababu nyota zilizo ndani yake zina joto kali na hutoa mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo hung'oa elektroni kwenye atomu za haidrojeni. Elektroni inaporudi mahali pake, hutoka mwanga mwekundu wa nanomita 656.3. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa rangi ya kijani inayoelekea buluu, kwenye nanomita 500.7. Salfa nayo hung'aa kwa wekundu, karibu na nanomita 672. Nyota hutawanya mwanga wake katika rangi zote za upinde wa mvua, ilhali sehemu kubwa ya mwanga wa gesi hii hubanwa kwenye mistari michache myembamba.

Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1864, Mwingereza William Huggins alipoelekeza spektroskopu yake kwenye Nebula ya Jicho la Paka. Alikuta mistari mitupu badala ya utepe wa rangi, na mstari wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wataalamu wakabuni elementi mpya, nebuliamu, ambayo haikuwahi kuwepo. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen alionyesha kwamba ni oksijeni tu. Ili itoe mwanga huo, atomu yake huhitaji kukaa kwa makumi ya sekunde bila kugongwa na nyingine. Katika hewa ya duniani hilo haliwezekani, na hata ombwe la maabara lina msongamano kupita nebula.

Mpigapicha hutumia wembamba huohuo wa mistari. Mbele ya kihisi huweka kichujio kinachopitisha nanomita 3 hadi 7 tu na kuzuia mengine yote. Mwanga wa taa za barabarani za sodiamu, ulio karibu na nanomita 589, huishia nje. Mwanga wa mwezi hupenya kidogo tu, kiasi kwamba haidrojeni hupigwa picha hata mwezi ukiwa mpevu; oksijeni ndiyo hudai usiku wa giza. Kwa njia hiyo mtu anayeishi katikati ya mji huweza kufanya kazi hii kwenye paa la nyumba yake. Lakini kichujio kina masharti. Lenzi ikifunguliwa sana, miale huingia kwa kuinama mno, na dirisha la kichujio husogea upande wa buluu hadi kukosa mstari uliokusudiwa. Tena hakifai kwa kila kitu. Ukungu wa buluu unaoonekana kwenye picha za Kilimia ni vumbi linaloakisi nyota, halina mstari wake lenyewe, hivyo kichujio huufuta pamoja na mwanga wa mji.

Kwa kuwa mwanga unaobaki ni kidogo, kamera huachwa wazi kwa dakika 5 au zaidi kwa kila picha. Katika muda huo mzunguko wa Dunia huzisogeza nyota zaidi ya digrii moja, kwa hiyo kamera hukaa juu ya stendi ya ikweta, ambayo mota yake huizungusha kinyume cha Dunia. Mhimili wa stendi lazima uelekee ncha ya anga. Ulaya kazi hiyo ni rahisi kwa sababu Nyota ya Kaskazini iko juu angani. Kwa mtu wa Nairobi au Kampala ncha iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na ukungu, na hulazimika kukokotolewa kwa kompyuta kutokana na jinsi nyota zinavyohama pichani. Hasara hiyo ina malipo yake: Orioni hupita utosini, na nebula ya Karina, ambayo watu wa London hawaioni kamwe, hupanda vizuri upande wa kusini.

Picha moja ya dakika 5 huvunja moyo. Kwenye skrini huonekana weusi wa kijivu, nyota chache, nuktanukta za joto la kihisi, na chengachenga kama za televisheni ya zamani iliyopoteza mawimbi. Kihisi hupoozwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri ili kupunguza nukta, na picha nyingine hupigwa huku lenzi imefunikwa, ili nukta zilizobaki zitolewe kwa hesabu. Kisha programu hubebanisha picha zote, nyota juu ya nyota. Gesi hubaki palepale katika kila picha na kujijenga. Chenga hubadilika kila mara na kufutana. Hesabu yake haina huruma: ili ubora uongezeke maradufu, picha lazima ziwe mara nne. Aliyetumia saa 4 atahitaji 16, na baada ya hapo 64.

Rangi huja mwisho. Kila kichujio hutoa picha ya nyeusi na nyeupe, na mpigapicha huamua ipi iwe ya rangi gani. Mpangilio maarufu ni ule wa picha ya Nguzo za Uumbaji iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Jicho halingeona hivyo, lakini kuuita udanganyifu si haki. Salfa na haidrojeni zote ni nyekundu, na zisipotenganishwa haijulikani ipi iko wapi.

Tunda kubwa la kazi hii lilitangazwa Januari 2023. Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wote wapigapicha wa ridhaa, walionyesha upinde wa oksijeni wa digrii 1.5 kando ya galaksi ya Andromeda, mahali palipopigwa picha kwa zaidi ya karne moja bila yeyote kuuona. Picha ilikusanywa kwa zaidi ya saa 100, Ufaransa, na mwaka huohuo ikashinda tuzo kuu ya upigaji picha za anga ya Royal Observatory Greenwich. Darubini iliyotumika ina kipenyo cha milimita 106.