Je, Wajua? Mwani wa Tangi la Samaki

Anayefuga samaki wa mapambo katikati ya mimea ya majini anaijua kero hii: leo kioo kinang'aa, wiki ijayo kimevaa kijani. Kabla hujashika sifongo, msikilize kidogo huyo mgeni unayetaka kumfukuza.

Konokono ndiye aliyeokoa jaribio

Mwaka 1849, mkemia Robert Warington wa London aliweka samaki wawili wa dhahabu na mimea ya Vallisneria katika chombo kikubwa cha kioo. Alitaka kuona kama mimea ingewatosheleza samaki kwa oksijeni bila maji kubadilishwa. Mimea ilistawi, ila majani yaliyokufa yakaoza, maji yakachafuka na kioo kikaota utando wa kijani. Akatia konokono wachache wa bwawani. Wakala majani mabovu, wakala na mwani, maji yakatakata. Hata mayai yao yakawa kitoweo cha samaki.

Mwani haungoji mwaliko

Chembe zake huingia na mmea mpya, na maji, hata na hewa. Kinachouamsha ni mwanga unaozidi mahitaji ya mimea, pamoja na naitreti na fosfeti zitokanazo na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Ndiyo maana wafugaji wazoefu huwasha taa saa 6 hadi 8 tu kwa siku, hubadilisha sehemu ya maji kila wiki, na hujaza mimea inayokua haraka tangu siku ya kwanza. Mimea ikishiba, mwani hulala njaa. Kwetu karibu na ikweta mchana una takriban saa 12, kwa hiyo tangi lililowekwa dirishani penye jua linajitafutia balaa.

Vumbi la kahawia ni kioo

Tangi jipya mara nyingi hupata utando wa kahawia unaofutika kwa kidole. Hizo ni diatomu, viumbe vya chembe moja vyenye magamba ya silika, kitu kilekile kitengenezacho kioo. Magamba ya diatomu za kale yamerundikana sehemu nyingi duniani yakawa udongo mwepesi unaofyonza sana. Alfred Nobel aliuchanganya udongo huo na nitrogliserini, akapata dinamiti, akaipatia hataza mwaka 1867.

Ndevu nyeusi ni nyekundu

Vishungi vyeusi ving'ang'aniavyo kingo za majani na mawe huitwa ndevu nyeusi, lakini vimo katika kundi la mwani mwekundu. Loweka kipande kwenye spiriti: rangi nyingine huyeyuka, wekundu ukajitokeza. Kwa ukoo, ni jamaa wa mbali wa mwani wa spinosamu ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, huufunga kwenye kamba maji yakitoka.

Blanketi la kijani-buluu si mwani

Utando laini wenye harufu mbaya, unaobanduka kama ngozi ukiuvuta, ni bakteria: sayanobakteria. Jamaa zao waitwao spirulina hujaa kwenye maziwa ya magadi kama Bogoria na Natron. Heroe wadogo huwachuja kwa midomo yao, na rangi ya waridi ya manyoya yao hutokana na chakula hicho.

Mpiga picha na uduvi wake

Mjapani Takashi Amano, mpiga picha wa mandhari, ndiye aliyewapatia umaarufu uduvi wadogo wa mtoni wanaochokonoa mwani kutwa nzima. Leo wanaitwa kwa jina lake. Ukiwanunua, usitarajie wajukuu: mabuu yao huhitaji maji ya chumvi ili wakue. Kazi kubwa ya mwisho ya Amano, bustani ya majini yenye urefu wa mita 40, ilifunguliwa Lisbon mwaka 2015, mwaka aliofariki.

Usimwige Warington hadi mwisho

Baadhi ya konokono wa mito, mabwawa na maziwa ya Afrika Mashariki hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu akiwa majini. Usiingie ziwani kuokota konokono wa tangi lako. Tafuta waliozalishwa na wafugaji wenzako.

Mwani wenye ulinzi wa serikali

Katika Ziwa Akan, kisiwani Hokkaido, mwani wa kijani hujiviringa ukawa mipira laini kama mahameli. Wajapani huiita marimo, na tangu mwaka 1921 marimo wa ziwa hilo wamelindwa kama urithi wa asili wa taifa. Wengine wa aina hiyo huuzwa kuwa pambo la matangi. Basi usishangae ukikuta duka moja limepanga marimo rafu ya juu, na dawa ya kuua mwani rafu ya chini.