Folda ikikataa kunakiliwa, mtafute kwanza mwenye faili

KOMPYUTA za ofisi huzeeka na kubadilishwa, lakini kuhamisha faili kutoka ile kuukuu hadi mpya ni kazi inayowasumbua wengi. Folda hunakiliwa hadi katikati, kisha ghafla hutokea ujumbe kwamba huna ruhusa.

Mjini Eldoret na viungani mwake kama vile Kapseret, tatizo hili laweza kumkuta karani wa shule, mhudumu wa zahanati au mwenye duka la kompyuta.

Wengi hudhani kwamba diski imeharibika au virusi vimeingia. Mara nyingi sivyo. Kompyuta huwa inatekeleza wajibu wake wa kulinda mali ya mtu, na dawa yake ni kumtambua mwenye mali badala ya kuvunja kufuli.

Katika mifumo ya Windows na Linux, kila faili ina mmiliki pamoja na orodha ya ruhusa: nani aisome, nani aibadilishe na nani aiendeshe kama programu.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba kompyuta humtambua mmiliki kwa nambari wala si kwa jina. Ukichomoa diski kwenye kompyuta iliyokufa na kuiunganisha na mpya, Windows haitaijua nambari ya mmiliki wa zamani, hata kama akaunti zote mbili zinaitwa "Karani".

Katika Linux ya aina ya Ubuntu, watumiaji wa kawaida huhesabiwa kuanzia 1000. Faili za mtumiaji nambari 1001 zikihamishwa pamoja na nambari hiyo, mwenye 1001 kwenye kompyuta mpya ndiye atakayezimiliki, hata akiwa mtu baki kabisa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua mlango uliofungwa ni upi. Jaribu kufungua faili iliyokataa pale ilipo. Ikifunguka, jaribu kuunda faili tupu katika folda unakotaka kunakili. Lililoshindikana kati ya hayo mawili ndilo litakaloonyesha tatizo liko wapi.

Aidha, hakikisha kwamba faili hiyo haitumiwi na programu nyingine wakati huo, na kwamba jina lake pamoja na majina ya folda zake si refu kupita kiasi. Programu nyingi za Windows hukwama njia ya faili inapofikia herufi 260.

Pili, tazama mmiliki ni nani. Katika Windows, habari hiyo iko kwenye sehemu ya usalama ya sifa za faili. Katika Linux, amri ya "ls -l" huonyesha mmiliki na ruhusa zake.

Tatu, ukiwa na idhini ya mwenye faili au ya ofisi, ingia kwa akaunti ya msimamizi, kisha ubadilishe umiliki wa folda inayohusika pekee. Linux hutumia amri ya "chown". Windows ina "takeown" na "icacls". Hata hivyo, ikiwa faili zilifungwa kwa msimbo wa siri, kubadilisha umiliki hakutasaidia bila ufunguo wake.

Fahamu pia kwamba kunakili kwa kawaida hakuhamishi umiliki. Nakala huwa mali ya aliyenakili, na katika Windows hurithi ruhusa za folda inakowekwa. Anayetaka umiliki ubaki kama ulivyokuwa atumie "cp -a" kwenye Linux au "robocopy" yenye chaguo la "/copyall" kwenye Windows, akiwa msimamizi.

Vijiti vya kuhifadhia data navyo vina lao. Vingi hutumia mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao hauhifadhi umiliki wala ruhusa kabisa. Faili zikipitia humo, ulinzi wake hupotea njiani.

Kosa kubwa zaidi ni njia ya mkato. Baadhi ya mafundi, wakishachoka, huandika amri ya "chmod 777". Kusoma ni 4, kuandika ni 2 na kuendesha ni 1. Jumla yake ni 7. Saba tatu zina maana kwamba mmiliki, kikundi chake na kila mtu mwingine wameruhusiwa kila kitu.

Eneo la Eldoret linajua thamani ya faili hizi. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya kwenda Kapsabet, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta kuhifadhi rekodi za wagonjwa. Mwaka 2006, mfumo wa OpenMRS ulianza kutumika Eldoret chini ya mpango wa AMPATH, uliohudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Folda yenye habari za aina hiyo ikifunguliwa kwa wote, siri ya mgonjwa imekwisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, na humtaka anayezihifadhi azilinde.

Kazi ikimalizika, linganisha idadi ya faili za pande zote mbili. Kisha ingia kwa akaunti ya kawaida uhakikishe kwamba anayestahili kusoma anasoma, na asiyestahili anakataliwa. Diski ya zamani usiifute kabla ya hapo.