Fundi Seremala, Jihadhari na Mashine ya Kupulizia Rangi

Ndugu mafundi wa Nyakarenzo, kabati linalong'aa linapendeza, lakini afya ni bora zaidi.

Mashine za kupulizia vanishi ni za aina mbalimbali. Ile ya feni hutumia hewa nyingi yenye msukumo mdogo. Hatari yake kubwa ni ukungu na mvuke. Nyingine haitumii hewa. Pampu husukuma rangi yenyewe kwa presha inayoweza kufika baa 200, kama mara 100 ya upepo wa tairi la gari.

Rangi hiyo hupenya ngozi. Kidonda huwa kidogo kama cha sindano, na mwanzoni huenda kisiume sana, kumbe ndani nyama inakufa. Usikikamue wala usingoje kesho. Vua pete, inua mkono, chukua kopo la rangi, nenda upesi hospitali ya Mibilizi au Gihundwe, au piga 912. Ukichelewa, kidole chaweza kukatwa.

Kinga:
- Zima mashine na utoe presha kabla ya kusafisha ncha yake.
- Pulizia penye hewa, mbali na moto na watoto.
- Kitambaa hakizuii mvuke. Vaa barakoa yenye kichujio cha mkaa.